Pango limebomolewa, kwaya imepumzika: nani anaendeleza ibada nyumbani?

Morogoro. Maua mekundu ya mikrismasi yamepukutika kando ya barabara za mji huu, na makanisani kazi ya wiki hii ni kubomoa. Mapango ya Mtoto Yesu yanashushwa, majani yaliyonyauka yanakwenda jalalani, taa za kumetameta zinarudi kwenye maboksi hadi Desemba ijayo. Kwaya zilizofanya mazoezi karibu kila jioni tangu Novemba zimepewa mapumziko. Mabenchi ambayo mkesha wa Krismasi yalijaa hadi watu wakasimama nje chini ya turubai, sasa yana nafasi ya kuweka mkoba pembeni.

Upo utani wa siku nyingi kuhusu "Wakristo wa Krismasi na Pasaka". Makala haya hayawahusu hao, nao wana siku yao. Yanaihusu familia ambayo Desemba ilisali vizuri kabisa. Ilikwenda kanisani pamoja, iliimba, ilishukuru kabla ya kula pilau, watoto waligombania nani asome neno. Kisha ikafika wiki ya pili ya Januari, shule zikafunguliwa, na kila kitu kikakatika kama umeme.

Kwa nini kikatike? Jibu la haraka, hasa mimbarini, ni kwamba imani imepoa. Sikubaliani nalo sana. Ukiitazama ratiba ya nyumba ya kawaida ya Kihonda, Chamwino au Kichangani mwezi huu, unaona uchovu, unaona watoto wanaosinzia mezani, na zaidi ya yote unaona aibu ya pesa. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloitwa kukosa imani, na yote yana namna ya kushughulikiwa.

Mlimani hawasubiri padre

Familia nyingi za mjini hapa hupanda mlimani Desemba. Ndugu wanaokaa Dar es Salaam siku hizi hufika kwa treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 14, 2024. Kisha safari yenyewe huanza: gari la kupanda Mgeta, au la kuzunguka upande wa mashariki kupitia Kiroka na Mkuyuni hadi Matombo, na kwa wengine baada ya hapo ni mguu tu.

Kule juu mtoto wa mjini hukutana na kitu asichokijua. Giza likianza kuingia, bibi anaita. Hakuna spika wala mshereheshaji. Watu wanakaa barazani au jikoni penye moto, wanafanya ishara ya msalaba, zinasaliwa sala mbili tatu, unaimbwa wimbo mmoja ambao kila mtu anaujua, yanatajwa majina ya wagonjwa na marehemu wa ukoo, basi. Dakika 10 hazifiki. Ugali unaepuliwa.

Ibada fupi namna hiyo ina historia yake. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na katika miaka ya 1880 walikuwa wameshafungua misheni hapa Morogoro. Walikuwa wachache, milima ni mirefu na njia zina utelezi. Kijiji kiliweza kukaa muda mrefu bila kumwona padre. Aliyebaki na watu ni katekista, na kwa nyumba iliyokuwa mbali na katekista, aliyebaki ni mama.

Hata leo, viko vigango vya Uluguru ambavyo havipati Misa kila Jumapili. Paroko anazunguka kwa zamu, na Jumapili nyingine katekista ndiye anayewakusanya watu, masomo yanasomwa, wanasali na kuimba, wanarudi mashambani. Kwa ndugu zetu wa KKKT, mwinjilisti hufanya kazi inayofanana na hiyo katika mitaa iliyo mbali na usharika.

Ndiyo maana naona watu wa mlimani hawana hili tatizo la "baada ya sikukuu" kwa ukubwa tulionao sisi. Ibada yao ya kila siku haikuwahi kuegemea sikukuu. Sisi wa mjini tumezoea ibada inayoandaliwa na watu wengine: kuna kwaya yenye sare, kuna vyombo, kuna mhubiri mgeni. Vinapoondoka hivyo, tunadhani na ibada imeondoka.

Lipo jambo lingine la kujifunza kwa Waluguru, na hili akina mama wataniunga mkono. Waluguru wanafuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, haki ya ardhi hupitia huko, na mjomba ana sauti nzito katika mambo ya wapwa zake. Mahubiri mengi ya mwaka mpya humtaka baba, kichwa cha nyumba, aongoze ibada ya familia. Si jambo baya. Lakini kama baba anaendesha lori na yuko njiani kwenda Tunduma, au yuko zamu ya usiku kiwandani, au yupo sebuleni lakini hataki, nyumba nzima inabaki inamsubiri. Miezi inapita.

Mlimani bibi anaongoza. Mjomba akiwapo anaongoza yeye. Mtoto wa darasa la tano anaongoza. Mama ambaye mume wake hasali hana haja ya kuona kwamba anampora mtu madaraka. Anaweza kusema kwa upole tu, "Baba watoto, tunasali hapa, karibu," kisha akaanza. Akija, heri. Asipokuja, watoto wameshasali, na hakuna ugomvi uliotokea mbele yao.

Saa ya kulala ndiyo saa ya kuanzia

Sasa niseme kama mtu wa dawati la afya. Ibada nyingi za familia za mjini zinakufa kwa sababu zimewekwa saa mbaya.

Fikiria mwanafunzi wa shule ya msingi anayeamka saa 11 alfajiri ili awahi gari la shule. Wataalamu wa usingizi wanashauri mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale kati ya saa 9 na 12 kwa siku. Ukipiga hesabu kurudi nyuma, mtoto huyo anatakiwa awe amelala saa 2 usiku. Nyumba ngapi za Morogoro zinakula chakula cha usiku kabla ya saa 2? Na ibada, kwa desturi, inangoja watu wale, vyombo viondolewe, taarifa ya habari iishe, pengine na tamthilia. Saa 4 inapofika mama anawaamsha watoto waliolala kwenye kochi ili wasali. Mmoja analia, mwingine anasali huku amefumba macho kwa usingizi badala ya uchaji, na baba anafoka. Baada ya wiki moja ya namna hiyo, nani atataka kuendelea?

Kwa wadogo zaidi hali ni hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani (WHO) katika mwongozo wake wa mwaka 2019 linataka mtoto wa miaka 3 na 4 alale saa 10 hadi 13, tukihesabu na usingizi wa mchana, na asikae mbele ya runinga au simu zaidi ya saa moja kwa siku. Likizo ya Desemba huvunja vyote viwili. Watoto wamezoea kukesha na katuni, na Januari tunawadai nidhamu kwa siku moja.

Dawa yake ni kuihamisha ibada ije mapema, kabla ya chakula, wakati maji ya ugali yako jikoni. Saa 12 na nusu au saa 1 jioni watoto bado wana nguvu na wana njaa kidogo, kwa hiyo hawatataka sala ndefu, na wewe hutataka kuwachosha. Baada ya hapo wanakula, wanaoga, wanalala. Runinga unaizima kwa dakika hizo 10 tu. Ukitaka kuizima jioni nzima siku ya kwanza utapata upinzani usioumudu.

Ambaye hayupo saa hiyo, hayupo. Mama anayeuza Soko la Mawenzi au Soko Kuu la Chifu Kingalu na kufunga meza yake jioni sana, hawezi kuwa nyumbani saa 12 na nusu. Kaka mkubwa au dada wa kazi aanze na wadogo, na mama atasali nao Jumapili na siku anazowahi. Ibada ya familia isiyo na mahudhurio kamili bado ni ibada.

Martin Luther alikuwa na mtazamo wa karibu na huo. Mwaka 1528 alishiriki ukaguzi wa makanisa ya Saxony, Ujerumani, akashtuka kuona waumini hawajui hata mambo ya msingi. Mwaka uliofuata alitoa Katekisimo Ndogo, na aliiandika kwa lugha nyepesi ili mkuu wa kaya aweze kuwafundisha watu wa nyumbani kwake. Ndani aliweka sala ya asubuhi, ya jioni na ya mezani. Sala yake ya jioni ni fupi sana, na maelekezo yanayoifuata yanamtaka mtu akalale mara moja, kwa furaha. Karibu miaka 500 baadaye, daktari wa watoto hana cha kuongeza hapo.

Wasabato, ambao wengi wao hawaipi Krismasi uzito mkubwa, ni mfano mwingine ulio karibu yetu. Ijumaa jua likizama familia inakutana nyumbani kuifungua Sabato, na asubuhi wengi husoma Kesha la Asubuhi, kitabu chenye somo moja fupi kwa kila siku ya mwaka. Saa haichaguliwi na mtu, inapangwa na jua. Wakatoliki nao wana sala ya Malaika wa Bwana, iliyofungwa kwenye kengele ya asubuhi, mchana na jioni. Wote hao waliitundika sala kwenye kitu ambacho kingetokea tu, upende usipende.

Aibu ya pesa

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo watu hawapendi pasemwe.

Elimu katika shule za serikali imekuwa bila ada tangu 2016, lakini Januari bado ni sare, viatu, madaftari, nauli, mchango wa chakula, na kwa waliopeleka watoto shule binafsi, ada kamili. Mlimani ni wakati wa kuandaa mashamba, mbegu na mbolea zinataka fedha, na nyumba nyingi zilitumia Desemba kuliko zilivyopanga. Katika hali hiyo, Jumamosi asubuhi familia inaitwa jumuiya.

Jumuiya Ndogo Ndogo ndizo zilizotakiwa kuwa jibu la swali letu. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia shirikisho lao la AMECEA, walikutana Nairobi na kuzifanya kuwa kipaumbele, kwa maana ya kwamba Kanisa liishi mtaani, kati ya familia chache zinazofahamiana, zinazosoma Neno pamoja na kusaidiana. Leo mtaa mmoja wa Morogoro unaweza kuwa na jumuiya kadhaa zenye majina ya watakatifu, zinazozunguka nyumba kwa nyumba. Walutheri nao wana jumuiya zao. Hakuna chombo kingine kinachoweza kuibeba ibada kutoka kanisani hadi sebuleni kwako kama hiki.

Lakini jumuiya hiyo hiyo ndiyo inayopokea michango. Mfuko wa jumuiya, zaka, ujenzi wa kanisa, rambirambi, zawadi ya padre anayehama. Nyingi ya hizo zina sababu nzuri. Tatizo ni namna zinavyodaiwa. Injili inasomwa kwa dakika 5, tafakari dakika 10, kisha daftari la mhazini linafunguliwa na majina yanasomwa mbele ya watu wote, watoto wakiwamo. Fulani amemaliza. Fulani bado. Fulani hajaanza.

Mzazi ambaye jina lake limesomwa hivyo mara moja hatakwenda wiki inayofuata. Anajiambia atarudi akipata. Wiki ya tatu anaona aibu ya kuulizwa alikuwa wapi. Mwezi wa pili watoto wameshazoea kwamba Jumamosi ni siku ya kufua tu. Na hapo ndipo gharama halisi inapojitokeza, maana katika parokia nyingi fomu ya ubatizo wa mtoto, komunyo ya kwanza au kipaimara hupita kwa viongozi wa jumuiya, na siku ya msiba ndiyo jumuiya inayofika kwanza. Familia iliyokimbia deni la elfu chache inajikuta imejitenga na watu ambao ingewahitaji kwenye mambo makubwa zaidi.

Nimewahi kukaa kwenye kikao kimoja cha namna hiyo na kumwona mama akitoka kabla ya daftari kufunguliwa, amebeba mtoto mgongoni, akisingizia sufuria iko jikoni. Kila mtu alijua, na hakuna aliyemwita.

Kwa viongozi wa jumuiya wanaosoma hapa: Januari lisomeni Neno, lifungeni daftari. Au mhazini amfuate mtu faragha, kwa simu au mlangoni kwake, aulize kwanza habari za watoto. Michango ya ujenzi inaweza kusubiri Machi. Na kama kuna mgonjwa wa kumtembelea wiki hii, hiyo ndiyo ibada ya jumuiya, na kama mgonjwa huyo hana nauli ya kwenda hospitali, basi sadaka ya siku ile ina pa kwenda. Sala na dawa havigombani. Mpelekeni kwa daktari mkiwa mnasali njiani.

Kwa mzazi unayedaiwa: nenda hivyo hivyo. Mwambie mwenyekiti mapema kwamba mwezi huu huna, utatoa Februari au Machi. Wengi wataelewa, kwa sababu wengi wao nao hawana. Watoto wako watakuwa wamejifunza kwamba mtu haendi kusali kwa sababu ana pesa.

Mfano mzuri wa udogo uko kwa watoto wenyewe. Shirika la Utoto Mtakatifu, ambalo watoto wengi Wakatoliki wa hapa ni wanachama wake, lilianzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson. Aliwaomba watoto mambo mawili tu: wasali Salamu Maria moja kila siku, na watoe sarafu ndogo moja kila mwezi kwa ajili ya watoto wenzao wa nchi za mbali. Sala moja na sarafu moja. Zaidi ya miaka 180 imepita na shirika lipo, liko hadi vigangoni.

Inachukua siku ngapi?

Watu wanaoweka ahadi Januari hupenda kuambiwa kwamba tabia hujengeka kwa siku 21. Watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijaribu kujenga tabia moja ndogo ya kila siku, kama kunywa maji au kutembea kidogo baada ya mlo. Kwa wastani ilichukua siku 66 hadi tabia ikaanza kujiendesha yenyewe. Tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. Na waliokosa siku moja hawakuharibikiwa, mradi walirudi kesho yake.

Weka hiyo kwenye kalenda yetu. Familia ikianza Jumapili hii, Januari 18, siku ya 66 itakuwa Machi 24, siku tano kabla ya Jumapili ya Matawi. Jumatano ya Majivu ni Februari 18, maana yake ndani ya mwezi mmoja Kwaresima itawasaidia kusukuma gari. Wazazi wengi husubiri Kwaresima ndipo waanze. Nadhani ni vigumu zaidi, kwa sababu siku 40 zinaisha kabla tabia haijakomaa, na Jumatatu ya Pasaka nyumba inarudi kwenye katuni.

Kukosa siku kusiwe msiba. Mvua imenyesha, umeme umekatika, mtoto ana homa na mko hospitali ya mkoa tangu mchana. Hakuna anayepaswa kurudi nyumbani na hatia. Mnaanza tena kesho.

Je, watoto wanapata faida yoyote ya kiafya? Mwaka 2018 watafiti wawili wa Harvard, Ying Chen na Tyler VanderWeele, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia vijana zaidi ya 5,000 wa Marekani, watoto wa wauguzi, tangu wakiwa na umri wa balehe. Waliokuwa wakihudhuria ibada angalau mara moja kwa wiki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 18, wa kusema wana furaha ya juu walipofikia miaka ya 20, na walikuwa na uwezekano mdogo wa kutumia dawa za kulevya. Matokeo ya waliokuwa wakisali au kutafakari wenyewe kila siku yalikaribiana na hayo. Ni vijana wa Marekani, na wengi wao ni Wazungu wa familia zenye kipato, kwa hiyo tusiyahamishe matokeo yao Mgeta kama yalivyo. Pia utafiti wa aina hii unaonyesha mambo yanayokwenda pamoja, hauthibitishi kwamba moja limesababisha jingine. Ninayataja kwa sababu wazazi huuliza, na kwa sababu yanaondoa wasiwasi wa wale wanaodhani sala ya jioni inampotezea mtoto muda wa kusoma.

Kitu kimoja nakiogopa. Ibada ya fimbo. Mtoto anayechapwa kwa sababu alicheka wakati wa sala atakumbuka fimbo kuliko sala. Watoto hucheka, hasa wakiwa wawili. Mpe anayecheka kazi ya kuchagua wimbo.

Wa bweni, na wa imani mbili

Wiki hii Stendi ya Msamvu imejaa masanduku ya bati. Mtoto anayekwenda bweni anaondoka kwenye ibada ya nyumbani, lakini shuleni atakuta wenzake: TYCS kwa Wakatoliki, UKWATA kwa wa makanisa ya Kiprotestanti, CASFETA kwa Wapentekoste. Mzazi anachoweza kufanya ni kumwambia saa. Sisi tunasali saa 1 jioni, wewe ukiwa mstari wa chakula tukumbuke. Hakuna simu inayohitajika kwa hilo.

Kwa walio na simu, yaani wewe unayesoma hapa, kuna jambo dogo la kufanya na bibi. Mtandao kule juu unasumbua, lakini siku ukipatikana, mwombe mjomba au shangazi amrekodi bibi akisali sala yake ya jioni, kwa Kiluguru kama anapenda, aitume kwenye kundi la familia. Ichezeni mara moja kwa wiki watoto wakiwa wamekaa. Radio Maria na Radio Ukweli ya hapa Morogoro pia husaidia, hasa kwa mgonjwa au mzee aliye peke yake mchana, ila kwa watoto naona redio haitoshi. Inasali yenyewe, wao wanasikiliza tu.

Nyumba nyingi za Uluguru zina Wakristo na Waislamu katika ukoo mmoja, wanakula sahani moja. Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zinaanza karibu siku zile zile za Februari, na familia za namna hii zitaelewana kirahisi kuliko wengi wanavyodhani, maana wote watakuwa wamefunga. Kabla ya hapo, sala ya mezani inatosha. Kila mtu aombe kwa namna yake, dakika moja ya kimya, kisha mikono inawe. Asilazimishwe mtu, wala mtoto asiulizwe mbele ya wageni yeye ni wa upande gani.

Wiki ya kuanzia

Januari 18 hadi 25 ni Wiki ya Kuombea Umoja wa Wakristo, inayoadhimishwa kila mwaka na makanisa mengi duniani. Kwa nyumba ambayo mama ni Mkatoliki na baba ni Mlutheri, au dada ameokoka na kaka hajahama, ni wiki nzuri ya kuanza kwa sababu hakuna anayeonekana kumvuta mwenzake. Siku nane, dakika 10 kila jioni. Mmoja anasoma aya chache za Injili, mtoto anaomba kwa maneno yake, wanaimba wimbo mmoja. Wimbo wa Noeli unaruhusiwa. Kama ndio pekee watoto wanaoujua wote, uimbeni hadi Februari na msimwogope mwalimu wa kwaya.

Kisha Jumatatu, Februari 2, Kanisa Katoliki linaadhimisha Kutolewa kwa Bwana Hekaluni, na mishumaa inabarikiwa. Nunueni pakiti moja dukani, ile ile ya kuwasha umeme ukikatika. Mtoto mmoja aende na mzazi asubuhi kabla ya shule, au jioni kama parokia yenu ina Misa ya jioni, aibebe yeye mwenyewe. Mkirudi, iwekeni kabatini karibu na kiberiti, mahali ambapo hata mdogo anajua ilipo.